Misitu ya Eldoret na Wazee wa Mila: Tukae Nao au Tuwakimbie?

Wako miongoni mwetu huku Pwani ambao wakilisikia neno "upagani" hukunja uso na kugeukia upande wa pili. Hatuwalaumu. Tumekulia vyuoni tukifunzwa kwamba hakuna dhambi iliyo kubwa kuliko kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kiumbe chake. Mafunzo hayo ni ya haki, na makala haya hayakusudii kuyapunguza hata chembe.

Lakini liko swali ambalo halijibiwi kwa kukunja uso. Je, Mwislamu aweza kuketi baraza moja na mzee wa mila, mtu asiyeshika Kurani wala Biblia, wakashauriana namna ya kuokoa msitu na mto? Ama kule kuketi peke yake kwatosha kuitia doa imani yake?

Leo twalitazama swali hili kwa kupitia mji wa Eldoret. Tunajua ni mbali na bahari yetu. Lakini huko jambo lenyewe si la vitabuni. Limo ndani ya maji ya mfereji.

MAJI YA UDHU

Wenyeji wengi bado huuita mji huo "Sikisti-foo", kwa kuwa ulianza katika shamba la walowezi lililopewa nambari 64. Posta ilifunguliwa hapo mwaka 1910, na jina la Eldoret likaja mwaka 1912, kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Mto huo ni Sosiani, upitao katikati ya mji. Reli ilifika mwaka 1924, na kwa reli wakazidi kuja wafanya biashara, mafundi na makarani, Waislamu wakiwa miongoni mwao. Mwezi wa Agosti 2024 Eldoret ikapandishwa cheo kuwa jiji, la tano katika Kenya.

Jiji hilo halina bahari wala ziwa. Maji yake hutoka juu milimani. Sosiani huanzia upande wa mashariki, kwenye misitu ya Kaptagat iliyo karibu na ukingo wa bonde la Kerio. Bwawa la Chebara, ambalo maji yake hufika kwenye mifereji ya mji, liko kwenye mto Moiben, upande wa milima ya Cherangani. Wataalamu huihesabu milima hiyo kuwa mmoja wa minara mitano mikuu ya maji ya Kenya, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Mlima Elgon.

Kazi ya msitu katika jambo hili si siri. Udongo wake, uliojaa majani yaliyooza na mizizi, huinywa mvua ikaingia chini, kisha huitoa polepole mpaka wakati wa kiangazi. Msitu ukifyekwa, mvua ile ile huteremka kwa mbio ikichukua udongo. Leo ni gharika, mwezi ujao ni ukame. Na mteremko ulio uchi hauna mizizi ya kuushika. Mwezi wa Novemba 2019 maporomoko ya udongo yaliwaua watu zaidi ya 40 huko Pokot Magharibi. Mapema Novemba 2025 msiba kama huo uliwapata watu wa Chesongoch, Marakwet, na zaidi ya watu 20 wakafa. Mvua kubwa ndiyo iliyoleta misiba hiyo, lakini kila mkulima ajua tofauti ya mvua kunyea msitu na mvua kunyea kilima kilichonyolewa.

Basi Mwislamu wa Eldoret aamkaye alfajiri akafungua mfereji ili atie udhu, maji yale yamepita kwanza chini ya miti. Na miti ile ilikuwa na walinzi kabla hajafika mlowezi, wala padri, wala sheikh.

WALIOILINDA

Walinzi hao ni jamii tunazoziita leo Wakalenjin: Wanandi, Wakeiyo, Wamarakwet, Wasengwer na ndugu zao. Katika mila zao Mungu huitwa Asis, na jina hilo lina undugu na neno lao la jua. Wanandi na Wakipsigis walikuwa na vilima vya kufanyia maombi viitwavyo kapkoros, ambako watu walikusanyika kushukuru au kuomba mvua. Kila ukoo ulikuwa na mnyama wake: huyu simba, huyu tembo, huyu nyuki, na mtu alikatazwa kumdhuru mnyama wa ukoo wake. Baraza la kijiji, yaani kokwet, lilikaa chini ya mti, na mti wa simotwet, ulio wa jamii ya mkuyu, haukuguswa ovyo. Mambo ya namna hii si ya kubuni. A. C. Hollis aliandika kitabu kizima juu ya Wanandi mwaka 1909, na mwaka 1973 B. E. Kipkorir na F. B. Welbourn wakatoa chao juu ya Wamarakwet.

Sisi Waislamu hatusujudii jua. Kurani imetukataza waziwazi tusilisujudie jua wala mwezi, bali tumsujudie aliyeviumba. Hapo hapana mjadala. Lakini haki ni haki hata kwa asiye wa dini yako, na haki ni kusema kwamba makatazo ya wazee wale, tuyapende tusiyapende, yaliiacha miti imesimama.

Kisha yakaja mambo mapya. Walowezi walianza kumiminika katika nyanda za Uasin Gishu mwaka 1908, ardhi ikakatwa mashamba, na ikapandwa miti ambayo magamba yake hutumika katika kazi ya ngozi. Vikaja viwanda vya mbao, na Eldoret ikawa mji wa mbao mpaka leo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti misituni mwezi wa Februari 2018, mji huo uliumia kweli kweli. Na marufuku hiyo ilipoondolewa Julai 2023, wako waliofurahi kwa ajili ya kazi na wako waliohuzunika kwa ajili ya mito. Hatuwezi kusema basi kwamba misitu ilimalizwa na mahubiri. Ilimalizwa hasa na fedha, na njaa ya ardhi, na makaa.

Hata hivyo mahubiri nayo yana sehemu yake, na ni sehemu hiyo inayotuhusu sisi watu wa dini. Wamishonari waliwaambia watu kwamba mti ule ni mti tu, hauna kitu. Nasi Waislamu, kila tulipofika, tulisema hivyo hivyo. Tulisema kweli. Lakini tulipoiondoa hofu ya mzimu, mara nyingi hatukuweka kitu mahali pake. Hatukuwaambia kwamba mti huo, ingawa hauna mzimu, una Mwenyewe. Kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi, naye ataulizwa amana aliyoachiwa. Watu wakatusadiki nusu ya kwanza, nusu ya pili hatukuisema, na shoka likaingia katikati.

Hilo ni deni letu. Na mwenye deni hapaswi kumkimbia yule aliyekuwa akiilinda mali.

JINA BAYA

Tutazame na jina lenyewe. "Pagani" latokana na neno la Kilatini lililokuwa na maana ya mtu wa shamba, mtu wa kijijini. Watu wa mijini waliposhika dini mpya, waliobaki vijijini na mila zao wakaitwa kwa jina la makao yao. Sisi huku Pwani tulifanya vivyo hivyo. Mtu wa bara tulimwita mshenzi, na majirani zetu Wamijikenda tukawaita Wanyika, yaani watu wa porini. Tulidhani twataja dini yao, kumbe twataja umbali wa nyumba zao na mji wetu.

Jina baya si jambo dogo. Hapa hapa petu, Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hiyo pana shamba linalotamaniwa na vijana wa nyumba hiyo hiyo. Mtu akishakwisha kuitwa mchawi, hakuna amwuliziaye haki yake. Mwislamu ambaye dini yake imeharimisha damu isiyo na hatia hana ruhusa ya kuchangia jina kama hilo kwa uvivu wa ulimi.

TUNAO MFANO NYUMBANI

Wala tusidhani jambo hili ni geni kwetu. Nenda Kinondo, karibu na Diani. Hapo pana kaya ya Wadigo, msitu mdogo uliosongwa na mahoteli na mashamba, lakini ungali umesimama. Mgeni huingia baada ya kufunga kaniki kiunoni, wala haruhusiwi kutoka na hata jani. Wadigo wengi ni Waislamu, na wazee wailindao kaya hiyo huonekana msikitini siku ya Ijumaa. Wako masheikh wanaowakemea kwa baadhi ya mambo yafanywayo ndani ya kaya, na mjadala huo ni wa haki. Nao wako wazee wasemao kwamba wao hawauabudu mti, wauheshimu tu kwa kuwa ni makao ya wahenga wao. Sisi hatutakata kesi hiyo hapa. Twasema tu kwamba wakati wanazuoni wanajadiliana, wazee hawa wamekuwa wakimfukuza mwenye msumeno.

Kaya zilianza kutangazwa kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, iliyotawanyika katika pwani yetu kwa umbali wa kilomita 200 hivi, ikaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Wanyika tuliowadharau wakawa ndio waliotutunzia.

Mfano wa pili uko Pemba. Wavuvi wa Misali husimulia kwamba kisiwa hicho kilipata jina lake kwa Nabii Hadhara, aliyekosa msala wa kusalia, akasema kisiwa kiwe ndio msala wake. Miaka ya 1990 baruti na nyavu mbovu zilikuwa zikiyamaliza matumbawe na samaki wa hapo. Kisiwa kikatangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, lakini sheria ya serikali ilikuwa haina macho usiku. Ndipo mashirika ya hifadhi yakashirikiana na masheikh, yakatolewa mafunzo kwa Kurani na Hadithi kwamba bahari ni amana na kuiharibu ni ufisadi katika ardhi. Maneno hayo yalifika mahali ambapo karatasi ya serikali haikufika. Hii ndiyo ile nusu ya pili tuliyosema hatukuisema bara.

SHERIA YASEMAJE?

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa kijana kabla ya kupewa utume, mfanya biashara mmoja kutoka Yaman alidhulumiwa mali yake mjini Makka. Wakakutana baadhi ya wakuu wa Makureshi katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakaapa kwamba watamsaidia kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Mapatano hayo ndiyo Hilful Fudhul. Walioapa walikuwa washirikina. Naye Mtume alihudhuria, na baada ya kuja Uislamu alisema kwamba lau angeitwa tena kwenye mapatano kama yale, angeitika.

Hebu tuzingatie hapo. Hakusema kwamba dini yao ni sawa na yake. Hakushiriki katika masanamu yao. Lakini jambo lilipokuwa la haki, aliwatazama kwa haki ile, na hakuuliza kwanza wanaabudu nini.

Na juu ya miti yenyewe, dini yetu haikutuacha gizani. Mtume aliufanya mji wa Madina kuwa haram, miti yake isikatwe wala mawindo yake yasitishwe. Aliitenga Naqi' kuwa hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa manufaa ya watu wote. Abu Bakar alipotuma jeshi aliliusia lisikate mti wenye matunda. Na imepokewa kwamba apandaye mti akala kwake ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Mzee wa Kinandi akisikia habari za hima atacheka kwa furaha, kwa kuwa neno ni geni kwake lakini jambo alijua tangu utoto.

Mpaka nao upo, na haufichiki. Mwislamu hatachinja kwa ajili ya mzimu, hatakula kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mwenyezi Mungu, hatasujudu mahali pasipo pa kusujudia. Suratul Kafirun imetufunza kwamba kila mmoja na dini yake. Aya hizo wengi wetu huzisoma kama mlango wa kufungiwa. Lakini pia ni idhini ya kuishi jirani bila ya kuchanganya ibada. Mzee mwenye heshima zake hatamlazimisha sheikh anywe pombe ya maombi, kama vile sheikh hatamlazimisha mzee atie udhu. Watakutana kwenye kitalu cha miche, na hapo kila mmoja atasema bismillahi yake.

KITI CHA MZEE

Ulimwenguni watu wa dini wamekwisha kuanza kuitana. Mwaka 1986, huko Assisi nchini Italia, shirika la WWF liliwakutanisha viongozi wa dini tano: Ubudha, Ukristo, Uhindu, Uislamu na Uyahudi, kila mmoja aseme dini yake ina nini juu ya viumbe. Mwaka 2015 peke yake ulitoa matamko matatu: Wapagani wa siku hizi wa Ulaya na Marekani walitoa lao mwezi wa Aprili, Papa Francis akatoa waraka wake wa Laudato Si' mwezi wa Juni, na wanazuoni wa Kiislamu wakatoa tamko lao juu ya tabianchi mjini Istanbul mwezi wa Agosti. Na mwezi wa Februari 2024 waraka wa Kiislamu uitwao Al-Mizan, juu ya mizani ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika viumbe, ulizinduliwa papa hapa kwetu, Nairobi.

Lakini tazama tena ile orodha ya Assisi. Dini za jadi za Afrika hazimo. Na katika mikutano mingi tunayoijua, mzee wa mila akialikwa hupewa nafasi ya kufungua kwa ngoma na kupigwa picha, kisha mazungumzo yakianza huketi nyuma. Huko ni kumfanya pambo.

Eldoret yenyewe inajua thamani ya kuketi pamoja, maana ilijifunza kwa uchungu. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa walichomwa humo. Siku zile Askofu Cornelius Korir, aliyefariki mwaka 2017, aliwapokea maelfu ya wakimbizi katika uwanja wa kanisa lake kuu, kisha kwa miaka akawaketisha wazee wa makabila yaliyopigana mpaka wakazungumza. Mji ulioweza kuketi baada ya damu waweza kuketi kwa ajili ya maji.

Liko na jambo la dhuluma ambalo baraza kama hilo haliwezi kulipita. Wasengwer wa msitu wa Embobut, katika Cherangani, husema msitu ule ni kwao tangu zamani. Serikali husema ni hifadhi na wao ni waharibifu. Mahakama Kuu ya Eldoret ilitoa amri ya muda mwaka 2013 ya kuzuia wasifukuzwe; Januari 2014 wakafukuzwa na nyumba zao zikachomwa. Januari 2018 Msengwer mmoja aliuawa kwa risasi, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha msaada wake wa minara ya maji. Hatusemi kwamba kila aliyeingia Embobut alikuwa mlinzi wa miti. Wako walioingia kwa ajili ya shamba na mbao. Lakini kuchoma nyumba ya mtu kwa jina la kuhifadhi mazingira ni dhuluma, na Hilful Fudhul iliapwa kwa sababu ya dhuluma ndogo kuliko hiyo.

YATUPASAYO

Maoni yetu basi ni haya. Kwanza, maimamu wetu, wa Eldoret na wa Mombasa, wasiishie kukemea ushirikina wa mti; hotuba hiyo hiyo iendelee mpaka kwenye amana ya mti. Mombasa nayo haina maji yake yenyewe. Hunywa ya Mzima, ya Baricho na ya Marere katika vilima vya Shimba, na ya wenyeji wa huko haiulizi.

Pili, pakiitishwa baraza la dini juu ya misitu ya Kaptagat au Cherangani, Waislamu waende, na waseme wazi kwamba mzee wa mila apewe kiti na kauli sawa na askofu na sheikh. Waumini wa Kitabu hawatapungukiwa na kitu kwa kumsikiliza mtu ajuaye chemchemi gani ilikauka na mwaka gani.

Tatu, kila msikiti wenye uwanja uwe na kitalu, hata kama ni cha miche ishirini, na miche hiyo igawiwe kwa jirani bila ya kumwuliza anaswali wapi.

Twajua wako watakaosema kwamba huu ni mlango wa kuiingiza mila katika dini. Twawajibu kwa heshima kwamba imani iliyo imara haivunjiki kwa kukaa chini ya kivuli cha mkuyu pamoja na mzee wa Kinandi. Imani iliyo hatarini ni ile iliyofundishwa kukichukia kivuli chenyewe. Imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, basi na aupande. Hakusema amtazame kwanza aliye karibu naye ni nani.